Kichaka Kisicho na Kibao

Miaka ishirini na sita nimesoma mita za umeme
kwenye rasi hii ya Argyll, nyumba kwa nyumba,
mbwa kwa mbwa,
na kila Mei nimelipita lango lile la kijani
nikidhani ni la zizi la kondoo.

Leo nimekosea kona.
Gari limesimama puani pa ubao ulioota kuvu:
BUSTANI. FUNGA LANGO. KULUNGU HAWASAZI KITU.
Chini yake kopo la biskuti lenye tundu,
na ndani ya kopo, nilipolitikisa, sarafu moja.

Nikatia yangu. Zikawa mbili.

Mvua ilikuwa ile ya huku, isiyonyesha wala kukatika,
iliyosimama tu hewani
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.
Njia yenyewe ni mizizi na majani ya mwaka jana,
mialoni imevaa kuvumwani mpaka kwapani,
na chini ya mialoni, bila hodi,
rangi.

Vichaka vimenipita kimo,
vimeinamiana kama watu wanaosoma barua moja:
rododendroni nyekundu mpaka kwenye shina la ua,
azalea ya manjano inayonukia asali
na, ukisogea, pilipili kidogo;
kamelia iliyomaliza msimu wake, maua yameanguka mazima mazima,
yametazama juu,
hata nikaona haya mahali pa kuweka mguu.

Nilitembea kama niliyeingia nyumba ya wenyewe
nao wamelala.
Ndege mmoja wa kifua chekundu akanifuata kichaka hadi kichaka,
msimamizi mpya kazini.

Ng'ambo ya kijito Murdo Galbraith alikuwa amepiga magoti,
mswaki wa meno mkononi,
anasugua vibao vya zinki ili majina yasomeke.
Akaitazama sare yangu.
"Mita iko bandani, nyuma ya toroli. Farquhar alishaisoma."
"Sikuja kwa mita," nikasema,
na sikujua sentensi hiyo iishie wapi.
Akarudi kusugua.

Kichaka kimoja tu hakikuwa na kibao.
Maua meupe, kooni doa la kijani,
kama mtoto aliyeonja wino.
Nilikizunguka mara mbili nikitafuta jina.

Una ndiye aliyekiotesha, akasema bila kuinua kichwa.
Mbegu kama vumbi la tumbaku, kwenye sahani ya supu,
dirishani pa jikoni.
Kilichukua miaka kumi na mmoja kutoa ua la kwanza.
Una alingoja tisa.

Walikuja watu wa chama cha maua, wawili, na kamera.
Walitaka kukipa jina, kukiandikisha.
"Ukafanyaje?"
"Niliwapa chai."
Habari yote ilikuwa hiyo.

Chema chajiuza, husemwa.
Hiki hakina bei wala duka,
hakina hata jina la kumwitia mnunuzi.
Kimesimama kwenye mvua
kinadondosha matone, kinapumzika,
kinadondosha tena.
Nilikaa kwenye kisiki kilicholoa mpaka suruali nayo ikaloa,
na kwa mara ya kwanza tangu Januari
sikuhesabu kitu.

Mita nikaisoma pia, kwa mazoea,
ingawa njia hii ni ya Farquhar:
taa moja, birika moja.
Nikafunga lango. Nikafika garini,
nikarudi kuhakikisha nimelifunga.

Jioni Senga wa ofisini akapiga simu:
dakika hamsini zimepotea, amesema,
kuna nini barabara ile?

Nikatazama kiatu changu pale mlangoni.
Petali moja imeng'ang'ania soli,
nyeupe, ukingo umeanza kuwa kahawia.

"Kondoo," nikamwambia.