Pambizo ya Juu

Orofa ya pili, juu ya duka la Hatimali,
Barabara ya Biashara, saa nane mchana, umeme umerudi.
Feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa.
Chini kuna mabunda ya leso zenye harufu ya wanga,
na sauti ya mwenye duka inapanda ngazi kabla yake:
"Zamzam! Lile jina limebanwa.
Lisukume chini kidogo, lipumue."

Jina lenyewe alilitunga mkewe
wakati wa ugomvi tusiouzungumza dukani:
*Nafasi mimi siombi, najua nilipokaa.*
Nimelitia katikati ya aya,
herufi nyekundu, mgongo wa manjano,
maneno mengine mbele yake na nyuma yake
kama watu wa foleni ya benki.

Nikaandika: pambizo, kulia, ishirini.
Jirani akasogea bila kinyongo.
Pambizo, kushoto, ishirini.
Likapata nafasi ya bega.
Pambizo, juu, ishirini.

Kimya.

Arubaini. Themanini. Mia mbili!
Kivinjari hakikukataa,
hakikunionyesha kosa hata moja.
Kilinipokea kama karani wa ardhi:
barua ameichukua, muhuri ameugonga,
droo ameifunga,
na mpaka wa shamba uko palepale.

Basi nikalishonea bitana, juu na chini.
Manjano ikavimba.
Ikapanda mstari wa juu ikafunika bei,
ikajipenyeza chini ya nambari ya simu,
na bado hakuna aliyesogea.
Kumbe mtu aweza kunenepa
na asimpishe mtu, wala asipishwe.

Lakini sheria hii niliijua kabla ya kompyuta.
Kibokoni tulilala watano mkeka mmoja.
Ukitaka nafasi, kiwiko:
mimi kwa Rukia, Rukia kwa Sauda,
Sauda kwa Maimuna, Maimuna kwa ukuta,
na ukuta ukinung'unika chokaa.
Ubavuni, dunia ilikuwa na mazungumzo.
Juu kulikuwa na dari,
na juu ya dari kinu cha Bi Mwanajabu, saa kumi za alfajiri.
Kiwiko gani kingefika huko?
Kimo cha chumba alikipanga mwenye nyumba
kabla hatujazaliwa wa kukilalamikia.

Ningeweza kuupandisha mstari wote.
Nilijaribu. Aya ikaachana
kama meno ya mtoto wa miaka saba,
kila neno likilipa gharama ya neno moja.
Nikaurudisha.

Hatimali amefika, anahema, leso begani.
Akaikunjua juu ya meza yangu, juu ya kibodi, juu ya chai.
"Wewe tazama nguo," akasema. "Nguo haikosei."
Pindo, imezunguka pande nne.
Mji, na mabibo yake yaliyochorwa vibaya.
Na jina, pale chini —
miaka mitatu nauza kitu hiki na sijakiona —
jina lina fremu yake.
Mstari mwembamba mweusi, kuta nne, kijumba.
Waliochonga vibao vya kwanza hawakuliacha
litangetange na maua.

Nikaitoa chai, nikaipata kibodi.
Neno moja tu nililiongeza:
likae mstarini, lakini liwe na sanduku lake.
Pambizo, juu, ishirini.

Mstari ukatanuka.
Bei ikabaki juu, ikiwa wazi;
nambari ya simu ikashuka na nukta yake,
hewa ikaingia,
hewa ileile niliyoiomba kwa mia mbili nikanyimwa.

Hatimali akainama hadi pua ikakaribia kioo.
Akasoma kwa midomo, bila sauti.
"Sasa linaonekana linaringa," akasema.

Nikauliza nilipunguzie.

Akaikunja leso taratibu, pindo kwa pindo,
jina likaingia ndani.
"Liache," akasema.
"Hata aliyelitunga anaringa."