Kopo la Tumbaku

Saa kumi za usiku nilisikia greda
likipanda kilima cha kanisa la Walutheri,
nikasema moyoni, baba huyo, yuko kazini.
Halafu nikakumbuka ardhi ya Januari
iliyobidi ichomwe moto siku mbili
ndipo ikubali sepetu, ikupokee.

Bendera waliikunja pembetatu.
Vijana wawili wenye glavu nyeupe, polepole,
kama wanaomfunga nepi mtoto wa watu,
na mmoja, pua ikimchuruzika kwa baridi,
akamwambia mama maneno aliyofundishwa.
Mama akajibu, "Pita ndani, mwanangu, kahawa iko."
Ungecheka, Arvid Lahtinen.

Vita hukunisimulia. Nilijua ya mtoto kujua:
hukukaa ukaupa mlango kisogo;
na fataki za Julai zilipoanza
ulishuka chumba cha chini, ukapiga randa
ubao ambao ulishapigwa randa.

Chupa niliijua zaidi.
Siifichi, kwa kuwa hukuificha.
Nina miaka sita, nimekaa ngazi za shule,
bawabu ameshawasha taa, ameshanipa nusu ya mkate wake.
Gari lako likaja likiyumba,
nikasimama, nikapunga mkono,
ukanipita.
Taa zako za nyuma zikawa makaa mawili,
zikawa punje mbili,
zikawa theluji.

Kesho yake ulikwenda kwa miguu
hadi kile chumba chini ya kanisa,
ukakaa kiti cha mwisho, karibu na birika.
Wiki saba hukusema neno.
Wiki ya nane ulisema jina lako.

Wenzako walihesabu miaka. Wewe siku,
kama mtu aliye na deni dukani:
vistari vya penseli ubavuni mwa jokofu,
vikafika sakafuni, vikahamia mlangoni.
Nilipokuuliza utaacha lini kuhesabu
ulisema, "Ya leo nimeilipa. Ya kesho ina mwenyewe."

Mama alikuwa zamu ya usiku hospitalini,
basi ukajifunza kunisuka, wewe,
mwenye vidole viwili visivyo na ncha.
Njia ya katikati ilipinda kama barabara ya mgodini.
Nilikwenda nayo shule hivyo hivyo,
na aliyenicheka nilimpiga.

Sarafu walizokupa, moja kila mwaka,
ulizitia kwenye kopo la tumbaku la babu.
Baada ya mazishi nilizimwaga mezani.
Thelathini. Nikarudia. Thelathini.
Nikapekua makoti, droo, kiti cha gari,
nikakuta misumari, peremende, risiti ya sukari.
Mwaka mmoja umepotea, nikawaza vibaya,
Mungu anisamehe, niliwaza vibaya.

Jumapili mtu alibisha hodi.
Duane Beauchamp, wa malori ya magogo,
kofia mkononi, macho viatuni.
Alifumbua kiganja: ile ya thelathini na moja,
imeng'aa kwa kusuguliwa na kidole gumba.
"Alinipa Oktoba. Alisema niirudishe
nikishapata yangu ya mwaka.
Sasa hayupo. Sijui nimpe nani."
"Una muda gani?" mama akamuuliza.
"Miezi mitatu. Na siku nne."
Mama aliushika ule mkono mkubwa,
akaukunja kidole kimoja kimoja,
kama walivyoikunja ile bendera.
"Basi bado hujaimaliza kazi yake."

Greda sasa limefika mtaani kwetu.
Nimesogeza pazia. Kijana tu, simjui.
Mbele ya njia yetu ameinua jembe kidogo,
asituzibie lango kwa tuta la theluji,
kisha amelishusha, ameendelea.
Hilo halimo katika kanuni za manispaa.
Kuna mtu alimfundisha.
Nimetazama taa zake za nyuma
hadi kona ya benki, na hapo
zimesimama. Anangoja mtu avuke.