Mistari Minne

Khaemba amekuja na daftari hadi katikati ya wimbi,
viatu vya shule mkononi, matope yamemfika ugokoni.
"Mama, kwa nini watu wa kale walianza kulima?
Mwalimu ametuachia mistari minne."

Ni Mei, Kimilili. Mlima umejifunika gubigubi.
Mgongo wangu umepinda tangu alfajiri
na jibu la kwanza linalonijia
si la kuandikwa daftarini.

Andika njaa, namwambia.
Anaandika. Kisha: "Njaa gani?
Si nyama ilikuwepo msituni, na asali, na mizizi,
na mto haukuwa na mwenyewe?"

Subiri kwanza ning'oe hili.
Tazama: hili gugu, hili wimbi.
Jani kwa jani, mapacha. Mkono unajua, jicho bado.
Gugu ndilo la zamani, bibi yake wimbi;
likikomaa hujimwaga chini, halimngoji mtu.
Wimbi hung'ang'ania punje zake
mpaka kisu kifike.
Sasa niambie wewe msomi,
nani alimfunza mwenzake kungoja?

Ng'ambo ya ua, shangazi Nelima anacheka:
"Mwandikie busaa!
Nani angetembea porini na mtungi unaochacha?
Siku tatu za kuukalia, siku mbili za kuunywa,
siku moja ya kutafuta fimbo yako.
Hapo umeshakuwa na mji."

Khaemba ananitazama. Andika, namwambia. Andika tu.

Au alikuwa mama mmoja, miguu imevimba,
mimba ya miezi minane, akawaambia tangulieni.
Wakatangulia, nyayo za swala mbele yao.
Akabaki pangoni na konzi ya mbegu,
nyingine zikamponyoka mlangoni, penye majivu na kinyesi cha mbuzi mwitu.
Waliporudi walimkuta na mtoto,
na mlangoni kijani.
Sikuwepo. Lakini miguu ile naijua.

Mimi naitwa Nanjala.
Nilizaliwa ghala limefagiliwa, shamba bado bichi.
Baba yako wa palizi, mjomba wako wa mavuno,
Nasimiyu wa kiangazi, yule aliyeolewa Chwele.
Kabla ya jembe, tungeitwaje sisi?

Maana mwindaji alikutana na njaa njiani
kama mtu anayenyeshewa.
Sisi tuliipangia mwezi wake.
Mwaka ule Makokha, mdogo wangu, aliacha hata kulia,
na kibuyu cha mbegu kilikuwa chini ya kitanda, kimejaa.
Mama alikilalia kama kuku.
Hakukifungua.
Tulipanda Machi. Makokha tulikuwa tumemzika Februari.
Hilo usiandike.

Hakuandika. Aliweka daftari juu ya jiwe,
akapiga magoti kando yangu, akaanza kung'oa.
Baada ya hatua tatu nikamfungua kiganja:
wimbi, na mizizi yake yote, na udongo umeishika.

Nikarudisha shimoni. Nikabonyeza kwa kidole gumba,
huku, na huku.
"Litashika?"
Sijui. Mengine hushika.

Mvua imeanza upande wa Chwele, tunaisikia kabla ya kuiona.
Daftari liko chini ya kanga yangu.
Mstari wa nne, anasema, atauacha hadi kesho.