Mguu wa Kushoto

Gari lilivuka Ruzizi na vumbi la nchi mbili,
jeupe, la Kijerumani, halina pedali ya klachi.
Balagizi akanirushia ufunguo:
"Nsimire, nataka bwati ibadilishe
kama mtu anavyopepesa jicho.
Hapa Nyawera inasimama, inafikiri,
kama karani wa forodha saa sita mchana."

Nikachomeka waya chini ya usukani.
Kwenye skrini yangu iliyopasuka pembe
bwati ikafungua daftari lake:
joto, mizunguko, shinikizo la mafuta,
na ule muda mdogo kati ya gia na gia,
milisekunde mia mbili na kumi.

Ndani mna klachi mbili.
Moja imeshika tatu; ya pili tayari imeikamata nne gizani,
inangoja kuitwa tu.
Nawajua hawa. Ni wanawake wa Kadutu
wanaopokezana magunia ya makaa kwenye ngazi:
wa chini haachii mpaka wa juu aseme, nimeshika.
Ukiachia mapema, injini inapiga kelele bure.
Ukichelewa, wawili wanavutana
na sahani zinaanza kunuka.

Waliotunga akili ya bwati hii
waliitunga tambarare, barabara imenyooka kama rula,
mahali petroli haiuzwi kwa chupa.
Nani angewaambia habari za Bukavu,
mji ulioanikwa juu ya ziwa, hauna hata kibanio?

Basi nikasogeza namba.
Shinikizo nikaliongeza kidogo, nikaonja,
kama chumvi.
Nikaiagiza: mlimani usikimbilie tano,
kaa tatu, pumua.
Mia mbili na kumi ikawa mia na sabini.
Umeme ukakatika. Nikaendelea kwa betri ya lori.
Mia na thelathini.
Balagizi, kwenye simu, anataka themanini.
Nikamwambia themanini ni ya kujipiga video,
sahani zako zitakufa kabla ya Pasaka.

Saa kumi na moja alfajiri nikampitia baba.
Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu halali.

Miaka kumi na tisa aliendesha lori, Bukavu na Uvira,
mpaka siku ile kwenye mteremko wa Ngomo
alipotoa tatu akitafuta mbili
na mbili haikuwepo.
Kati ya gia na gia kuna mahali
ambapo gari si la mtu.
Alikaa humo, anasema, kitambo cha kutaja jina la mama.
Kreti za bia zilifika Kamanyola kabla yake.

Akaingia na kikombe chake cha chai.
Akafunga mkanda, akainama kutazama.
"Klachi iko wapi?"
"Ziko mbili, baba. Zimejificha."
"Mbili! Na mimi moja ilinishinda."

Tukapanda kutoka bandarini.
Mbili. Tatu.
Ile kona ya Nyawera, jiwe, mfereji, mwuza mikate,
na nne ikaja
kama jina unalolikumbuka kabla hujaulizwa.
Chai haikumwagika.

Lakini nilimwona.
Kila gia ilipobadilika
mguu wake wa kushoto, ule wenye chuma ndani,
ulikanyaga zulia,
ukaachia taratibu, kwa adabu ya zamani.
Mara thelathini na moja, nilihesabu baadaye kwenye rekodi.
Za gari, yaani. Za mguu wake
hazina waya wa kuzisoma.

Juu, Karhale, nikazima injini.
Akakaa akitazama ziwa likipata rangi.
"Inaendesha vizuri," akasema.
"Ila haiulizi."

Jioni nikamrudishia Balagizi ufunguo wake.
Mia na thelathini, sikushusha hata moja.
Nikafunga garaji, nikapanda nyumbani kwa miguu,
na katikati ya ngazi nikagundua
kwamba mguu wangu wa kushoto unauma,
pale kwenye nyonga,
mguu ambao kutwa nzima haukuwa na kazi.