Kamera ya Pete

Simu yangu haijui kofia ni nini.
Nikiiinamishia bulibuli ya mama,
yenye vishimo elfu na ushei, kila kimoja kimezungushiwa uzi,
yenyewe hupenya vishimoni
ikaenda kupiga picha mkeka.

Basi nikashuka Langoni, kwa Bunu,
auzaye chaja, redio na taa za jua,
na ndani ya kabati la kioo, nyuma ya makava ya simu,
kamera ndogondogo za wageni waliokwenda zao.
"Nataka ndogo," nikamwambia, "ienee mkobani.
Kubwa huwatisha watu, wakavaa nyuso za pasipoti.
Lakini iwe na fokasi ya mkono.
Ya mkono kweli, si ya jina."

Bunu akacheka. "Siku hizi nani ataka tabu?
Mashine yakutafutia yenyewe."
Ndiyo tabu yenyewe, Bunu: yanitafutia.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu,
nyembamba kama sabuni iliyoogewa wiki nzima.
Niliielekeza kwa fundi Aboud, ng'ambo ya kichochoro,
akitunga uzi sindanoni.
Ikalia pi-pi, kwa furaha,
ikanipa punda aliyekuwa akipita nyuma yake,
kila unywele wa sikio.
Sindano: moshi.

Ya pili fokasi hiyo inayo, imeandikwa hata kwenye boksi,
ila imezikwa ndani ya menyu:
bonyeza, shuka, bonyeza, kulia,
halafu kidole gumba kihesabu hatua
kama mtu apandaye ngazi gizani,
na kijimstari kando kikisema karibu, mbali,
bila kusema karibu na nini.
Hadi nafika, Aboud keshatunga uzi,
keshashona mfuko, keshakwenda kuswali.

Ya tatu Bunu hakutaka kuitoa.
Imekwaruzwa. Mlango wa betri umefungwa kwa mpira wa noti,
na betri yenyewe, alikiri, haifiki alasiri.
Lakini shingoni mwa lenzi mlikuwa na pete.
Nikaigusa. Ikazunguka taratibu, kama kifuniko cha chupa ya marashi,
na papo kioo kikaikuza katikati ya picha:
kidole cha Bunu,
ukucha wa Bunu,
vumbi la saruji chini ya ukucha wa Bunu.
Akaficha mkono.

"Elfu kumi na nne."
"Na mpira huu?"
"Mpira bure."
Tukakatiana kwa kumi na moja na mia tano.

Mama alikuwa ukumbini, mapajani kofia aliyoiacha nusu
mwaka ule macho yalipofanya utando.
La kushoto limepasuliwa Malindi, linaona.
La kulia bado linasubiri pesa,
na jicho moja, asema, halitungi uzi.
Nikapiga vishimo, kimoja kimoja, pumzi nimeibana,
maana kwa ukaribu ule, pumzi ni safari.
Mkeka ukakaa nyuma, kama mkeka.

"Nipa nami."
Akanielekezea. Nikamwonyesha pete.
Akaizungusha kwa vidole vilivyoshika sindano miaka arubaini,
uso wangu ukaja kiooni, wazi,
na kovu la tetekuwanga na yote.
Hakusimama hapo.
Akapitiliza, na mimi ulimi ukaniwasha: Mama, rudi,
pua imepotea,
mtandio umemwagikia ukutani.
Akafumba jicho hili, akanitazama. Akafumba lile, akatazama kioo.
Akaongeza kidogo, akapunguza, kama apimaye chumvi.

"Hapa," akasema.
"Jito la kulia likuonavyo, ndivyo hivi."

Nikamwongoza kidole hadi kitufeni.
Picha imeingia. Betri ikazima papo hapo,
adhuhuri haijaadhiniwa.
Bunu si mwongo.