Meno ya Zipu

Pangani, saa kumi na moja na robo jioni.
Mkandarasi amepanga koni zake za plastiki,
moja imekanyagwa, nyingine imevishwa gunia,
na njia mbili zimeambiwa ziwe moja.
Nani ampishe nani, kibao hakisemi.
Kina mshale tu, na tope juu ya mshale.

Kiti cha nyuma nimelaza gauni la Nasambu,
limefunikwa shuka, mikono imekunjwa kifuani kama mgonjwa.
Kesho saa nne anaolewa kule Kahawa
na leo ndio nimemaliza kulitia zipu.

Mimi niliingia foleni mapema,
tangu kule kwenye kituo cha petroli,
nusu kilomita nzima nikijiona mwadilifu.
Kushoto kwangu njia iko tupu, inang'aa,
na kila anayeteremka nayo hadi kwenye koni
namwita mwizi. Simwiti kwa sauti.
Vioo nimepandisha.

Tuna adabu zetu hapa, hazikuandikwa popote.
Ya kwanza: usimtazame.
Ukimtazama machoni umeshajua ni mtu,
na mtu hupishwa.
Basi wote tunakodoa mbele
kama tunaopigwa picha ya kitambulisho,
huku bampa zikinusana.
Ya pili: taa ikimulika mara moja ni "pita,"
ikimulika mara moja ni "thubutu uone,"
tofauti imo moyoni mwa mwenye taa
na moyo wake uko nyuma ya kioo cheusi.
Ya tatu ni mkono nje ya dirisha,
vidole vitano vimekusanywa kama vinaomba chumvi.
Huo tunauheshimu, ukiwa wa mzee.

Akaja mwenye mayai.
Probox ya kijivu, trei zimepanda hadi darini,
zimefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu.
Akaingiza pua, kidole kwa kidole.
Nami nikasogea, kidole kwa kidole.
Kioo chake cha pembeni kikagusa changu, tak!
Nikageuka kuona kama changu kimepona,
nikamwona yeye, amezigeukia trei,
midomo yake inasema, si kwangu, kwa mayai:
"Poleni."

Ndiyo hivyo tena. Nilikuwa nimeshatazama.

Miaka kumi na tisa nashona Ngara,
na sijaona zipu ambayo meno ya kulia
yanajipanga yote kwanza, yamenuna,
na ya kushoto yanasubiri huruma.
La huku, la kule, la huku,
na kichwa hupanda.
Njia ile nayo ilimwagiwa lami ili ipitwe,
hadi mwisho wake.
Wahenga walisema kutangulia si kufika.
Juu ya kubaki nyuma kwa kiburi, walinyamaza.

Nikakanyaga breki, nikamwonyesha kiganja.
Wa nyuma yangu akanipigia honi
ndefu, yenye jina la mama yangu ndani yake.
Kisha yeye mwenyewe, sijui ni aibu au ni uchovu,
akaliachia lori la maji.
Wa nyuma ya lori akapishwa, naye akapisha,
hata gari la shule ya udereva,
lenye herufi nyekundu mbele na nyuma,
lililozimika mara mbili pale pale penye koni,
na hakuna aliyempigia honi mtoto wa watu.
Nilihesabu kwenye kioo: tisa.
Tisa, huku na kule, bila askari.

Wa kumi akajibandika kwenye mkia wa wa tisa,
bila zamu, kwa haraka ya mwenye gari refu,
na zipu ikaachama. Makelele.
Wateja huniletea hivyo, wakiwa wameshaivuta kwa nguvu
hadi kitambaa kimelia.
Haivutwi juu. Hurudishwa chini kabisa,
ilikoanzia, halafu pole pole.
Lakini nani ataturudisha sisi Ngara?

Mbele yangu taa za dharura zikapepesa mara mbili.
Hiyo ndiyo adabu ya nne, nilikuwa nimeisahau.
Simu ikalia. Nasambu:
"Fundi, uko wapi?"
Nikamwambia, niko nyuma ya mayai.