Kutoa Upepo

Siku kumi na moja Ghaniya hakunisemesha
ila kwa vyombo: sahani iliyotua kwa kishindo,
kikombe kilichokuja bila sukari.

Hesabu ianzie mteremko wa Amerat kuelekea Bausher,
Ijumaa, jua la Julai bado limelala kwenye lami,
Datsun yangu ya mwaka sabini na mbili ikinguruma
kwa kabureta tatu nilizozinunua
kwa pesa ya kabati za jikoni.
"Sikia," nilimwambia, "sikia inavyovuta."
Alisikia. Kona ya tatu akanusa.
Harufu ya pedi zinazoungua
haiko mbali na ya maandazi yaliyosahauliwa motoni,
na pua yake haidanganyiki kwa vyote viwili.
Kona ya nne nilikanyaga, kanyagio likazama
kama mguu kwenye tope, mpaka sakafuni.
Nikavuta breki ya mkono, nikashusha giya, injini ikapiga ukelele,
tukasimama ndani ya lundo la changarawe
lililomwagwa pale kwa ajili ya watu kama mimi.

Akatoka. Akapangusa vumbi kwenye abaya.
"Umelinunulia gari miguu ya kukimbilia.
Ya kusimamia umemwachia Mungu?"
Kisha akafunga mdomo.

Nilimwendea Dur Muhammad, Mbaluchi wa Wadi Kabir,
auzaye vyuma vya magari yaliyokufa
na kukiita kila kimoja kwa jina la ajali yake.
Akanichagulia kaliba mbili za pikapu ya Hilux,
pistoni nne kila moja, nzito kama kichwa cha mbuzi.
"Hizi zilizuia tani ya tende kutoka Nizwa.
Kigari chako zitakidaka kama kuku."
Nikafunga diski nene, zenye nafasi ya kupumua;
mipira ya zamani, iliyovimba kila nikikanyaga,
nikaitupa, nikaweka ya waya wa chuma uliosukwa.
Mafuta yalitoka meusi, kahawa bila iliki.
Kabureta sikuzigusa. Nilizifunika kitambaa, kwa haya.

Lakini kutoa upepo si kazi ya mtu mmoja:
inataka mguu ndani ya gari na mkono chini yake.
Mwanangu yuko Sohar, jirani yuko Umra.
Nikasimama mlango wa jikoni na spana namba kumi,
mbele ya kabati zile zile zisizofunga,
neno limenikwama.
Aliitazama spana. Akazima jiko.
Akavua bangili, akavaa ndara.

Tukaanza gurudumu la mbali, nyuma kulia.
Mimi chali juu ya boksi, mpira mwembamba, kopo la jemu.
"Kanyaga."
Kimya.
"Shikilia."
Nikalegeza kinati. Viputo vikapita, vyeupe,
kimoja kikimsukuma mwenzake.
"Achia."
Tena. Kanyaga. Shikilia. Achia.
Mafuta hayakubali kubanwa. Hewa hukubali,
hukubali kila kitu, na siku ya mteremko haipo.

Gurudumu la pili alianza kujibu: "Nimekanyaga."
La tatu: "Nimeshikilia. Fanya haraka, goti langu."
La nne, kabla sijafungua kinywa:
"Siku ile nilitamka shahada. Ulinisikia?"
Chini kule sikuona kitu
ila kiputo kimoja kikubwa, kikienda polepole.
"Sikusikia. Injini ilikuwa inapiga kelele."
"Injini," akasema.
Kisha, baada ya muda: "Sasa ni gumu. Gumu kama jiwe."

Baada ya Magharibi, uwanja mtupu nyuma ya maghala,
nilitoa ufunguo, nikamkuta
keshakaa upande wa usukani.
Sitini. Themanini. Kabureta zikafunguka koo,
nami nikaanza kusema sikia, nikajizuia.
Akakanyaga mara moja.
Mkanda ukanikaba; kofia yangu
ikafika kiooni kabla yangu.
Gari limenyooka, halikutikisika hata nywele,
vumbi letu likitupita mbele ya taa.

Ghaniya alikaa, mikono yote miwili kwenye usukani.
"Kabati ziwe za msaji," alisema.
Akatia giya ya kurudi nyuma.
"Tena. Safari hii tuanzie mbali."